Gunia la Nyakeru

Jumatatu, kabla mvua haijaamua,
nilishuka bondeni Kangemi na kijiko cha chuma,
vikopo kumi na viwili, na kalamu isiyofutika.
Mmbone alinitazama nikichota matutani mwake,
kijiko hapa, kijiko pale.
Akauliza: Umepoteza nini humo, mwanangu?

Sijapoteza kitu, mama.
Natafuta kilichopotezwa na wengine.

Tuanze huko juu, Uthiru, kwa Nyakeru:
kuku mia tatu chini ya mabati,
na mmoja akikohoa alfajiri, wote wananyweshwa.
Unga wa manjano kwenye ndoo,
kipimo ni kifuniko cha soda, na huruma.
Nani atamlaumu? Karo haingoji,
na kuku mfu hatagi.
Lakini tumbo la kuku si tanuri.
Dawa huingia kwa mlango wa mbele, hutokea uani,
sehemu kubwa ingali dawa, na meno yake yote.
Kisha gunia. Kisha mkokoteni. Kisha shilingi mia mbili,
kisha sukuma ya Mmbone.

Hapo ndipo kazi yangu huanza,
maana dawa nazo zina tabia, kama wapangaji.
Penisilini ni mgeni wa siku mbili,
hasahau hata kandambili mlangoni.
Salfa hapendi kukaa: mvua ikibisha
anafungasha, anateremka na maji,
asubuhi yuko mtoni, jioni yuko Korogocho.
Lakini huyu wa manjano, tetrasaiklini,
akikutana na udongo wetu mwekundu
hung'ang'ania.
Hujibana katikati ya kurasa za mfinyanzi,
mahali jua, linaloweza kumvunja, halifiki,
na maji hupita yakimsalimia tu.
Msimu unaisha. Sukuma imechumwa mara kumi.
Yeye yumo.

Angekuwa mkali ningelala.
Hana nguvu ya kuua; ananong'ona,
na vijidudu, mabilioni kwa mabilioni, vinasikia.
Kinachojua hukifundisha kisichojua,
bila ubao, bila ada,
vikipokezana kijikaratasi cha siri
kama watoto wanaopeana majibu chini ya dawati.

Mmbone akavua gambuti.
Kisigino: jembe, mwezi wa pili.
"Nimemeza za rangi mbili, nimemeza za njano,
nimechomwa sindano pale zahanati.
Hiki kidonda kinanitazama tu."

Siwezi kuapa.
Maabara haijui kuapa, inajua namba
na kando ya namba, kiasi cha shaka.
Siwezi kushika kisigino na gunia
nikavifunga kwa uzi mmoja.
Niliandika: shamba la saba, kina sentimita kumi, unyevu wa wastani.
Nikamwambia arudi hospitali, aombe kidonda kipimwe
kabla ya kupewa kidonge kingine.
Akacheka. Kupimwa ni bei gani?

Na kuna jambo nililoshindwa kumwambia.
Kwamba nyingi ya dawa hizi zilizaliwa humu humu,
gizani, chini ya kucha zetu,
silaha za viumbe wasio na macho
wakigombea punje ya chakula.
Ile harufu ya mvua ya kwanza,
ile inayowafanya wajawazito wameze mate,
ni pumzi ya jamaa zao.
Tulimchukua mtoto kwa mama yake,
tukamsomesha viwandani, tukamvika lebo,
na sasa tunamrudisha kwa magunia, kila wiki,
hata mama mwenyewe hamtambui,
anamfungia mlango, anawafundisha wengine kuufunga.

Matone yakaanza.
Mmbone akanikatia fungu la sukuma, akakataa pesa.
Nikipanda mlima nilipishana na mkokoteni,
gunia jipya, bado linafuka mvuke.
Kijana akanisalimia. Nikaitikia.

Usiku nilizichambua zile mboga jani kwa jani,
nikaziosha mara tatu.
Kisha nikazipika, nikala.
Zilikuwa tamu.