Waliobaki

Kazi yangu ni kuhesabu waliobaki.
Waliopanda wana mageti ya kuwajua,
kadi zao zimelia, nauli imekatwa.
Mimi nawahesabu wale ambao mlango
umefungwa mbele ya pua zao.
Nabonyeza kidude cha chuma, tik.
Kila pua, tik.

Stesheni ya Tatuapé, mashariki ya São Paulo,
saa moja kasoro dakika ishirini, asubuhi.
Metro huku kwetu hupita juu, juani,
kabla ya kuzama chini ya mji
kama mtu anayebana pumzi.
Treni hutoka Itaquera imeshashiba.
Ikifika hapa inacheua watu wawili,
inameza tisa, inakabwa na mkoba wa kumi,
na Jurandir wa kipaza sauti anarudia yaleyale:
vuteni mikoba, jamani, nyingine iko nyuma.
Iko kweli. Nayo imeshiba.

Waliobaki: mia mbili na kumi na nne.
Waliobaki: mia tatu na sita. Mvua.

Siku ya nne nikamwona Zuleide.
Jina sikulijua bado, nilijua sanduku:
jeupe, la kadibodi, pana kama mto wa kulalia,
kalibeba kwa mikono miwili, viwiko nje,
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe.
Treni ikaja, hakusogea. Tik.
Ikaja nyingine, akarudi nyuma hatua moja. Tik.
Treni saba.
Kwenye karatasi yangu akawa wanawake saba,
wote wamechelewa.

"Keki," akasema, wala sikumuuliza.
"Ya mhasibu anayestaafu, kule Barra Funda.
Wiki jana nilijitia ushujaa nikapanda.
Ilifika uji."

Nikamuuliza mhandisi Laércio:
huyu niandike mmoja, au saba?
Akajikuna shingo.
"Treni zilizomshinda ni ngapi?"
Saba.
"Basi saba."

Kwake yeye nafasi si mita, ni sekunde.
Ukiving'oa viti, anasema, umeongeza miguu tu.
Ukiziomba ofisi zifungue kwa zamu,
mabosi watakubali vizuri sana,
na wafagizi ndio watakaoamka saa tisa usiku.
Kwa hiyo anatafuta sekunde kwenye ratiba
kama mama atafutavyo chawa kichwani mwa mwanawe:
moja hapa, mbili kule kwenye kona,
anazibana kwa ukucha.
Miezi mitano ya kupekua
ikampa treni moja. Itaanzia hapahapa, si Itaquera.

Jumanne, saa moja na dakika mbili,
ikaja tupu.
Tupu! Vishikio vinaning'inia bila mikono,
sakafu inaonekana, kumbe ni ya kijivu.
Milango ikafunguka na hakuna aliyeingia.
Watu waliitazama kama sahani iliyojaa
katika nyumba ya mtu usiyemjua.
Mmoja akauliza kama ni mbovu.
Jurandir akashika kipaza sauti, asipate neno.
Sekunde tatu zikamwagika hivihivi
(Laércio angelia)
ndipo Zuleide akatangulia, sanduku mbele,
kama mwenye nyumba.

Waliobaki: kumi na mmoja.
Nikakitikisa kidude sikioni.

Wiki ya tatu mji ukawa umeshasikia.
Watu wa Carrão wanashuka hapa kuisubiri,
wa mabasi wameacha mabasi,
mwanafunzi mmoja anakuja kinyumenyume, stesheni mbili,
ili apate kiti cha dirishani.
Waliobaki: mia moja tisini na mbili.
Laércio alisoma, hakusema kitu,
akavuta ratiba karibu na taa,
akainamia kichwa kilekile.

Zuleide siku hizi ni tik mbili, tik tatu.
Jana ghorofa ya juu iliporomoka kabla ya mlango,
akakaa benchini, akafungua sanduku, akanikatia.
Nilikula kwa mkono wa penseli.
Pale panapoandikwa jumla pana doa la sukari.
Sikulifuta.
Sijui huko ofisini watalisoma ngapi.