Pimamaji

Kabla sijaanguka nilikuwa fundi.
Ukuta wangu ukiuwekea pimamaji
kiputo kilikaa katikati, kimetulia
kama mtoto aliyeshiba.
Sasa kiputo kimo kichwani.
Nikivuka chumba kinakimbilia kushoto,
nami nakifuata mpaka nagonga kabati.

Sikumbuki kuanguka. Nimesimuliwa.
Mtumba, ghorofa ya pili, ubao wa jukwaa uliochoka,
upepo wa Agosti unaofagia vumbi mpaka kwenye meno.
Wanasimulia kama habari za jirani,
nami nasikitika: maskini, alikuwa na watoto?
"Watatu," anasema Perusi. "Wako."

Nililala siku kumi na tisa,
nywele zimenyolewa upande mmoja.
Neno langu la kwanza lilikuwa *malenga*.
Nesi, mtu wa Tanga, akaita wenzake:
"Njooni, huyu mgonjwa ni mshairi!"
Perusi ndiye aliyeleta kikombe cha maji.
Kigogo cha bibi kilijua njia ya mkato.
Kiswahili kilibaki nyuma,
kimeelemewa na mzigo wa ngeli.

Nilitaka chumvi, nikasema: nipe simenti.
Akanipa chumvi.
Kufika mwezi wa tatu nyumba nzima inasema hivyo,
mboga imepungua simenti,
na wageni wanatazama vidole vya miguu yao.

Jumanne na Ijumaa naenda kwa Bi Asteria.
Ana makopo mawili na vibanio vya nguo.
Nahamisha vibanio kutoka kopo hili kwenda lile,
halafu navirudisha,
mkono huu uliojenga matofali mia nne kwa siku.
"Nitajie wanyama, dakika moja."
Ng'ombe. Mbuzi. Ng'ombe.
Ng'ombe.
"Huyo umeshamtaja."
Huyu ni mwingine, nikamwambia,
yule wa kwanza alikuwa na baka kifuani.
Sijui aliandika nini kwenye faili.

Hasira haipigi hodi.
Sahani ya mlenda niliirusha ukutani,
na mlenda unavyovuta
uliteremka taratibu,
Ndahani akiutazama mpaka ukafika chini.
Tangu siku ile anakula karibu na mlango.

Kovu lilifunga kabla zabibu hazijaiva.
Watu wananisalimu, *mbukwa*, wanacheka:
"Ashukuriwe Mungu, umepona kabisa!"
Hawajui kwamba majina yao yamenitoroka,
kwamba jua la saa sita linaingia kama msumari,
kwamba nimesimama sokoni Majengo robo saa
nimeshika kikapu,
nikisubiri kikapu kinikumbushe.

Daktari alisema kupanda ngazi ni mwiko.
Mwiko wangu Perusi akaufungia sandukuni.
Nimemsikia usiku akiutoa,
akiupangusa, akiurudisha.

Novemba, mawingu yakijaribujaribu upande wa Chamwino,
ukuta wa banda la kuku ukaanguka.
Asubuhi nikaukuta mwiko umelazwa mlangoni.
Hakuna aliyesema kitu.
Ndahani alishika uzi upande ule, mimi upande huu.
Udongo niliuchanganya mara mbili,
mara ya kwanza nilisahau maji.
Matofali sita mpaka adhuhuri.
Nikaweka pimamaji.
Tukainama wote wawili, vichwa vikikaribia kugusana.
Kiputo kiliyumba, kikagusa mstari,
kikaegemea kushoto kidogo.
Nikainua mkono nibomoe.

"Acha hivyo hivyo, baba," akasema.
"Ni kuku tu."