Mstari Nilioufuta

Mstari nilioufuta ulikuwa mfupi,
herufi ishirini na nane pamoja na nukta-mkato wake.
Ulionekana uchafu: ulichota kumbukumbu isiyoandikwa kitu,
ukaikoroga katika chungu cha nasibu, basi.
Programu ya ukaguzi ikalalamika, nami sipendi malalamiko.
Nikaufuta Ijumaa jioni, nikaenda sauna.

Hakuna aliyenizuia. Msimbo wetu hauna pazia,
umeanikwa hadharani kama nguo kambani,
yeyote asome, yeyote atie mkono.
Macho elfu, tulijisifu; na macho elfu
yakapita juu ya pengo langu
kama ulimi uliozoea jino lisilokuwapo.

Februari, Oulu, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Visanduku vyetu vya kupima theluji vilikwenda kaskazini,
Kuusamo, Sodankylä, Inari,
kila kimoja kikiwashwa mara ya kwanza gizani
kijitungie ufunguo wake, kwa nasibu yake.
Nasibu ipi?
Hakina kibodi, hakina diski inayozunguka,
hakuna kidole kilichokigusa.
Kimezaliwa sasa hivi. Hakijasikia chochote.

Raili Kemppainen ndiye aliyeona. Alikuwa na kimoja
juu ya meza ya jikoni, kati ya mkate mweusi na kahawa.
Akanipigia saa tisa usiku.
"Nisomee ufunguo wa hicho chako."
Nikasoma. Sijafika katikati, naye anasoma nami,
sauti mbili, tarakimu zile zile,
kama watoto wanaokariri jedwali la kuzidisha.
Kisha akanyamaza, nikasikia jokofu lake.

Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wahenga.
Sisi tulitaka mtungi ambao hata kata haiujui:
izame, ijae, itoke,
isiweze kusema kilichotangulia wala kitakachofuata.
Nami nilikuwa nimeuacha mkavu,
kata ikichota hewa,
hewa ile ile, mara elfu mbili.

Asubuhi akanipa karatasi.
"Andika tarakimu mia. Bila mpango."
Niliandika. Akahesabu kwa penseli.
Saba zilikuwa ishirini na moja. Sifuri, tatu tu.
Na hakuna mahali nilipoandika moja mara mbili mfululizo.
"Unaona? Unaogopa kurudia.
Bahati haiogopi. Bahati husema nne, nne, nne,
wala haioni haya."

Basi tukaenda kuombaomba. Haba na haba:
chembe ya muda kati ya pakiti moja na nyingine,
kigugumizi cha fuwele ya saa inapopigwa na baridi,
tarakimu ya mwisho ya kipimajoto,
ile inayotetemeka, ambayo kila mhandisi huitupa.
Tukavisaga pamoja hata mwenye kinu
asijue unga upi ulitoka punje ipi.
Na mashine, kabla ya kulala, iandike mbegu;
ikiamka iitumie mara moja, iifute.
Isiyo na mbegu wala kelele, isubiri.
Hapo ndipo tulipogombana na wauzaji, siku nne:
isubiri. Mpaka lini? Mpaka isikie.
Raili aliandika ubaoni, kwa wino mwekundu,
asiyesikia kitu asiseme kitu.

Mstari wangu nimeurudisha.
Juu yake nimeweka jina langu, tarehe,
na maneno: huu si uchafu.
Kila mtu anaweza kuusoma. Hilo bado linanishangaza,
mlango wazi, mapishi yamebandikwa ukutani,
na kilichomo chunguni hakijulikani hata kwa mpishi.

Kimebaki kisanduku kimoja, nje ya Inari.
Barabara imefungwa, theluji imekifunika,
nacho hupima theluji iliyokifunika
na kila saa hutuma salamu
kwa ufunguo ule wa zamani,
ninaoujua kwa moyo.