Pete Elfu Nne

Kaohsiung, kiwandani, mwaka wa sitini na nane,
Pi-hsia alinisogezea hadubini: Tazama.
Nikaona pete nyeusi, ndogo kuliko ufuta,
zimejipanga kama wanafunzi paredini.

Kila pete hujua neno moja tu, alisema.
Sumaku yake ikizunguka kulia, ni moja;
ikizunguka kushoto, ni sifuri.
Basi?
Basi. Herufi moja hula pete nane.

Na utaipataje uitakayo kati ya elfu nne?
Waya wa wima hubeba nusu ya umeme,
wa mlalo nusu ya pili.
Nusu haimwamshi mtu.
Pale zinapokutana tu, pete hugeuka.

Nikapitisha waya. Ukakatika. Nikapitisha tena.

Kusoma ndiko kulikonishangaza:
mashine huisukuma pete iwe sifuri.
Ikigeuka, waya wa tatu hushtuka: kumbe ilikuwa moja!
Lakini sasa si moja tena.
Sharti iandikwe upya, papo hapo,
kabla mwingine hajabisha hodi.
"Ndiyo kuonja mchuzi," akacheka Pi-hsia,
"ukishaijua chumvi, mchuzi umepungua."

Saa kumi umeme ulikatika ukumbi mzima.
Taa, feni, redio ya msimamizi, kimya.
Nilikuwa nimehesabu nyaya hadi thelathini na...
sijui na ngapi.

Kwenye meza ya majaribio, gizani,
pete zilikuwa zimeshika zilichoambiwa asubuhi,
kila moja na upande wake.