Robo Inchi

Aliileta imefungwa kwa shuka la hospitali.
"Shika taratibu, fundi," akasema Bi Kerubo,
"majani ya huku chini bado mabichi."
Kweli: kidole gumba changu kikatoka na kijani,
na harufu ya tapentaini ikakaa nami hadi ugali wa jioni.

Ua wa nyumba za mawe, Ngara, nyuma ya maduka ya vipuri.
Saa nane mchana. Watoto shuleni, mfereji umekauka,
redio ya mtu imezimwa katikati ya taarifa.
Mpera umeegemea ukuta kama mdeni asiye na haraka.
Mimea imejazana kwenye makopo ya mafuta ya kupikia,
mengine yameliwa na kutu, mizizi inachungulia.
Mwanga hauanguki hapa; unachujwa
jani kwa jani, kama chai,
sakafuni yanabaki madoa tu ya manjano.
Kila jani pigo moja la brashi. Nilianza kuyahesabu,
nikaachia mia mbili na kitu, mteja wa vioo akaingia.

Na ndani ya ua wote huo, ua moja:
jekundu, dogo kama kifungo cha shati.

"Ulikuwa ukikaa hapo?"
"Nilikuwa nikifua hapo."
Miaka kumi na mmoja, nguo za watu.
Waliouua ua hawakumaliza hata asubuhi;
kufika saa nne mpera ulikuwa kuni.
Sasa ni ghorofa kumi na mbili, na lifti inayokwama.
Nikamwuliza mbona picha iko kimya hivi,
ziko wapi nyundo za mafundi, paka, ugomvi wa kamba?
"Hizo zilinichosha," akasema. "Sikuzinunulia rangi."

Sasa kazi yangu. Fremu yoyote hula picha,
robo inchi kila upande.
Juu itakula anga; sawa, anga tunalo.
Kushoto, ukuta. Chini, kutu.
Lakini kulia, ukingoni kabisa,
pale kamba ya nguo inapotoka nje ya turubai,
kuna vidole vinne vimeshika kibanio.
Havina mwenyewe. Mkono haukuchorwa.

Sikuuliza. Nilitazama vyake juu ya pochi,
kucha zilizowahi kuliwa na sabuni.
"Hela niliyo nayo," akasema, "ni ya fremu ya kawaida."

Nimekata mbao mara tatu.
Nimeunda fremu isiyoigusa picha,
ufa mwembamba wa kivuli pande zote nne,
turubai inaelea katikati, vidole na vyote.
Imekula mbao karibu mara mbili. Mke wangu asijue.

Atakuja Jumamosi. Hadi wakati huo
imeegemea meza ya msumeno,
na vumbi la saiprasi linaitafuta rangi mbichi.
Chembe moja imenasa kwenye jani, karibu na kamba.
Nilijaribu kuitoa kwa ncha ya kisu,
nikaona nitachubua.
Basi. Ikae uani.