Uma wa Mbele

Nilishuka Mbale na fedha za kahawa,
laki moja na themanini, ndani ya soksi,
na uzi niliopimia shingo ya baiskeli,
nikaufunga fundo pale shingo inapokoma.
Sikwenda kununua jina.

Wamimbi muuza vyuma akaniwekea nyuma mbili.
Wa kwanza mwekundu, unang'aa kama peremende iliyolambwa,
stika kila upande,
naye akausifu mpaka mate yakamkauka.
Kizuri chajiuza, nikawaza.
Nikauinamia kwa uzito wangu wote:
ukashuka vidole viwili, ukagoma,
ukaruka juu kama mtu aliyeguswa jipu.
Springi tupu. Hakuna mafuta ya kuituliza.
Huo ungenirusha kwa kila jiwe la Sipi.

Wa pili wa kijivu, umechubuka mabega,
jina limefutika, zimebaki herufi mbili.
Nilipoukandamiza ulishuka taratibu,
ukatoa pumzi, hsss,
ukarudi kama ng'ombe anayeinuka asubuhi,
hana haraka, lakini anainuka.
Nikapitisha ukucha kwenye nguzo zake, juu hadi chini,
maana mkwaruzo hula sili,
sili ikiliwa mafuta hutoroka,
na yakitoroka mafuta, unabaki na chuma na maombi.
Nikaupata mmoja, juu kabisa, sili isikofika.
Nikamwonyesha Wamimbi kwa uso wa matanga.
Akapunguza elfu ishirini.

Uma usiobonyea ninaujua.
Sikowo aliuchomelea wake Kapchorwa,
akateremka nao mteremko wa mabomba ya maji,
ukakatika penye mshono.
Mpaka leo akitamka "Sipi"
inatoka na filimbi.

Nyumbani, kabla ya jiwe lolote,
nilifunga uzi wa mpira kwenye nguzo,
nikapanda, nikatulia, nikashuka, nikapima.
Mwili wangu usile zaidi ya robo.
Robo ni yangu. Robo tatu ni za njia.
(Sikowo alitaka ugumu, ati wanaume.
Nikamwambia atabasamu kwanza.)

Kisha mvua za Mei.
Udongo wa Elgon ukiwa mbichi ni gundi,
ukikauka ni msasa.
Kila jioni kipande cha fulana, nguzo zote mbili,
hata nikiwa na njaa, hata taa ikizimika.
Vijana wanaoosha bodaboda waliniita na bomba lao la presha;
nikakataa. Maji hayo hupita chini ya sili
kama mwizi chini ya senyenge.

Hata hivyo yalipita.
Nilipofungua bolti za chini, mwezi wa nne tangu ninunue,
yakatiririka mafuta ya rangi ya chai ya maziwa.
Nikakaa nayo kwenye bakuli, nikiyatazama, nimeaibika.
Sili nikaagiza Kampala, zikaja na basi,
jina langu limeandikwa vibaya.
Mafuta mapya nikapima kwa bomba la sindano
la Cheptoris, daktari wa mifugo,
ambaye hadi leo anadhani nilichanja mbuzi.
Sifongo za ndani nikazikamua, nikazilowesha.
Bolti nikazikaza kwa mkono, si kwa hasira.

Chesang alikuwa mlangoni muda wote huo.
"Laki na sitini," akasema,
"kwa kitu kinachobonyea?"
Sikuwa na jibu ambalo lingenunua sukari.
Nikaiegemeza baiskeli ukutani, nikanawa, nikalala.

Usiku wa manane, nje,
nikausikia ukipumua: hsss.
Kimya kidogo.
Hsss.
Kisha mara ya tatu, kwa uzito wote,
na mtu akacheka peke yake gizani.