Mshika Vibonye

Nimefunga kifundo hiki cha mguu
mara elfu mbili na kitu. Msimu wa kwanza nilihesabu,
kisha nikaacha, kama mtu aachavyo kuhesabu ngazi za kwake.
Mguu wa kulia, kiatu namba arobaini na sita,
utepe mweupe, mizunguko saba, wa nane wa bahati.
Mwenye mguu: Evija Strautmane,
mchezaji wa kati, mzaliwa wa Liepāja,
ambako upepo wa Baltiki haupigi hodi.

Habari za vikapu waulize wengine.
Watakutajia usiku ule wa Gdynia:
sekunde nne, pointi moja nyuma, mitupo huru miwili,
na wa kwanza ukagonga pete, ukatoka,
na wa pili ukagonga pete, ukatoka.
Mimi nakupa alichosema ndani ya basi
saa nane za usiku, barafu gotini,
wenzake wamejigubika makoti hadi utosini:
"Pete yao ya kushoto inalia juu kuliko ya kulia.
Kuna bolti imelegea. Hukusikia?"

Sikusikia. Nani husikia hayo?
Nikadhani ni uchungu unatafuta pa kutokea.

Mersin walimnyima mshahara miezi mitatu.
Akaingoja hela yake akijifunza kukata ngozi ya kondoo
kwa kisu chembamba, mezani pa jikoni,
vipande vya kuzibia mivukuto.
Mivukuto gani? Hakusema, sikuuliza.
Kazi yangu ilikuwa misuli.

Nilijua tulipofika Schio.
Siku ya mapumziko, wenzake madukani wakijaribu viatu,
nikamkuta kanisani, nyuma ya kinanda kikubwa,
nusu ya mwili ndani, nyayo zile zimebaki nje.
Fundi wake, Ottorino fulani, kibogoyo, mwenye hasira,
hakujua pointi zake wala ribaundi zake.
Alimpima kwa jicho mara moja tu:
"Wewe hutahitaji ngazi."
Evija akacheka mpaka vumbi likamwangukia.
Tangu utotoni urefu wake ulikuwa na tajiri mmoja.

Kidole chake cha pete kilivunjika mara mbili.
Mara ya pili nilikinyoosha vibaya, na niseme kweli,
nilikuwa na haraka, robo ya nne ilikuwa inaanza.
Kimebaki ndoano.
Nilipomwomba radhi alikipenyeza nyuma ya zumari la bati,
akavuta waya nisiouona,
na sauti iliyokuwa ikikoroma ikakaa sawa.
"Usikiguse tena," akasema.

Kisha goti la kushoto likawa sikio la kufa.
Tukamuaga: maua, hotuba ya meya,
jezi yake ndani ya kioo, watu elfu tatu wamesimama.
Akainama, nikajua ni kilio, nikaandaa bega.
"King'ora cha uwanja huu," akaninong'oneza,
"kimeshuka nusu sauti tangu Krismasi."

Leo ni Alhamisi, Februari, kanisa la Aizpute.
Theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha.
Ujira wangu ni kahawa na mkate mweusi wa shayiri.
Yeye yumo ndani ya kinanda, gizani, na tochi mdomoni;
mimi niko nje, glavu zimekatwa ncha,
nabonyeza kibonye kimoja, nakishikilia.
Muziki siujui. Nakaa mwisho wa benchi, kama zamani.
Sauti mbili zinagombana, zinatetemeka,
mtetemo unapungua, unapungua,
halafu hakuna wawili tena.

"Inayofuata!"
Nabonyeza.
"Inayofuata!"
Nabonyeza. Kimya.
Nasikia ndoano ile inakwaruza bati,
nasikia tusi la Kilatvia, nyumbani mwa Bwana.
"Panya," anasema. "Ametaga kiota humu.
Ngoja."
Nangoja, kidole juu ya kibonye.